Laptopu Imezimaje? Uliza Hilo Kabla ya Kununua Nyingine

Wadogo zangu, kilio chenu nimekisikia. Kuna anayerekodi kwaya kwenye chumba cha nyuma karibu na soko la Kangemi hapa Nairobi, kuna binti wa Gichagi anayetunga biti usiku akishatoka kazini, na kuna ndugu wawili wa Waruku waliochangishana mpaka wakapata saundikadi yao ya kwanza. Swali lao ni moja: mbona kompyuta inakufa katikati ya rekodi, pale mwimbaji ameshapata sauti na kila mtu chumbani amenyamaza? Kisha linafuata la pili, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: je, tuuze hii tununue nyingine?

Ngojeni kwanza. Msiuze kitu. Niambieni imekufaje.

Wengi hamwezi kunijibu, kwa sababu hasira ilipanda, kidole kikabonyeza kitufe cha kuwasha upya, na ushahidi ukapotea. Kompyuta haifi kwa namna moja. Wakati mwingine sauti huanza kukwaruza na kukatika, lakini programu bado iko wazi. Wakati mwingine programu hujifunga yenyewe na Windows ikabaki salama. Kuna siku skrini nzima inageuka buluu na kujaa maandishi meupe. Na kuna siku mashine inazima papo hapo, pasipo neno. Kila kifo kati ya hivi kina chanzo chake, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Nawajua vijana waliouza laptopu nzuri kabisa, kumbe kilichowatesa ni waya wa USB.

Nianze na kuzima papo hapo, kwa kuwa kwetu Kangemi ndiko kunakosumbua zaidi. Mashine ikizima hivyo, shuku mambo mawili kabla ya mengine yote: stima na joto.

Umeme wa Kenya, kwa mujibu wa vipimo rasmi, ni volti 240 na hetzi 50. Lakini kwenye soketi ya nyumba ya mabati, waya ukiwa umepitia kwa majirani kadhaa kabla ya kukufikia, na hasa kama ni stima ya sambaza, yaani ya kuunganishwa bila idhini, volti hushuka jioni watu wanapopika na kupiga pasi. Taa inafifia, inarudi. Binadamu hajali, laptopu yenye betri iliyochoka inakufa. Na laptopu nyingi mnazotumia zilifika nchini zikiwa zimeshatumika maofisini ng'ambo kwa miaka, betri zake hoi, zinaishi kwa chaja peke yake. Stima ikipepesa kidogo tu, rekodi imekwenda.

Ndiyo maana nasisitiza: betri mpya kabla ya maiki mpya. Najua maiki inaonekana, wateja wakiingia wanaiona, na betri haimvutii mtu. Lakini betri nzima ndiyo UPS yako, kile kifaa cha kushikilia umeme unapokatika. Tena saundikadi nyingi ndogo hula umeme kutoka kwenye USB ya laptopu, kwa hiyo betri hiyo hiyo inaishikilia na saundikadi, na stima ikipotea mwimbaji anaweza kumaliza ubeti gizani. Anayetumia kompyuta ya mezani hana bahati hiyo. Yeye anunue UPS, hata ndogo, impe dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Wala usidhani ukihamia nyumba yenye mita yake umepona. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikakosa stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza lilitanda tena karibu kote nchini. Anayerekodi Kenya apange kazi yake akijua stima itapotea siku moja, na siku hiyo haitamwambia.

Angalieni pia chaja. Laptopu iliyotengenezewa chaja ya wati 65 ukiichomekea ya wati 45, inaweza kuwaka vizuri tu na kukudanganya. Baadhi ya mashine zikigundua chaja ni dhaifu hupunguza kasi ya prosesa kimyakimya, sauti ikaanza kukatika, na wewe ukalaumu programu. Maandishi madogo mgongoni mwa chaja yasome, uyalinganishe na yale yaliyo chini ya laptopu.

Hapa nitasema kwa ukali, kwa sababu nawapenda. Ukigusa chuma cha saundikadi, au midomo ya mwimbaji ikigusa maiki, mkahisi mwili unawashwa na umeme, simamisheni kazi hapo hapo. Huenda nyumba haina waya wa ethi, na ile ngurumo nzito inayosikika ndani ya rekodi yenu mara nyingi hutokana na hitilafu hiyo hiyo. Msiikate pini ya ethi kwenye plagi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Mwiteni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na mpaka atakapokuja rekodini kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa.

Joto ni rahisi kulitambua. Chumba cha mabati mchana wa Februari kinachemka, laptopu iko juu ya godoro, matundu yake ya hewa yamezibwa na blanketi, na feni imejaa vumbi la Waiyaki Way. Prosesa inapokaribia digrii 100 hupunguza kasi, na joto likizidi mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Kama mashine yako hufa baada ya kazi nzito ya muda, feni ikiwa inalia kwa nguvu, na ukiiwasha tena papo hapo inakufa haraka zaidi, hilo ni joto. Iweke kwenye meza ngumu, inyanyue kidogo kwa nyuma, umpe fundi aifungue, atoe vumbi na kubadilisha ile pesti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea. Kazi nzito ya kumiksi ifanye usiku.

Fundi akikwambia amechungulia kumbukumbu za Windows akaona "Kernel-Power 41", basi eti ameshapata ugonjwa, usimlipe bado. Namba 41 inasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Hilo ulilijua. Haisemi kwa nini.

Sasa skrini ya buluu, ambayo huwatisha watu kuliko zote na kumbe ndiyo yenye maneno mengi ya kukusaidia. Ili muielewe, kumbukeni yaliyotokea tarehe 19 Julai 2024, wakati kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilipotuma sasisho lenye kasoro na kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows duniani zikaanguka, ndege zikakwama, hospitali zikahangaika. Faili lenye kosa lingewezaje kuangusha mashine nzima? Kwa sababu lilisomwa na draiva. Programu ya kawaida, kwa mfano FL Studio ya kutungia muziki, ni mpangaji: ikileta vurugu Windows huifukuza na ploti inabaki. Draiva imo ndani ya msingi wenyewe. Ikikosea, Windows huona ni heri kusimamisha kila kitu kuliko kuendelea na data iliyoharibika. Na saundikadi yako ina draiva yake.

Kwa hiyo skrini ikigeuka buluu, usiguse kitu. Chukua simu, ipige picha. Kuna msimbo, na mara nyingine kuna mstari wa "What failed" wenye jina la faili linaloishia na .sys. Jina hilo lina thamani. Likiwa la mtengenezaji wa saundikadi yako, ondoa draiva hiyo, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, upakue toleo linalolingana na Windows yako, na ufuate maelezo yake kuhusu lini uchomeke kifaa. Likiwa la Wi-Fi au la picha, saundikadi yako haina hatia, shughulikia hilo lililotajwa. Na majina yakibadilika kila mara, leo hili kesho lile, au msimbo ukasema MEMORY_MANAGEMENT, anza kuishuku RAM. Windows ina kipimo chake, Windows Memory Diagnostic. Kiache kifanye kazi usiku. Kama laptopu ina vipande viwili vya RAM, fundi atoe kimoja, mjaribu, kisha abadilishe.

Kuhusu draiva nina rai moja ambayo wengi hawapendi kuisikia. Mmezirundika mno. Kuna ya saundikadi ya zamani mliyokwisha kuiuza, kuna ya sasa, kuna ASIO4ALL, na kuna FL Studio ASIO inayokuja na programu. ASIO ni njia iliyobuniwa na Steinberg ili sauti iingie na kutoka kwenye kompyuta bila kuchelewa sana. ASIO4ALL huwafaa wasio na saundikadi au wenye saundikadi isiyo na draiva yake ya ASIO. Ukishakuwa na draiva ya mtengenezaji, itumie hiyo, uondoe mabaki ya vifaa ambavyo huna tena.

Na masasisho ya Windows yasiingie katikati ya kazi ya mteja. Januari 2025 Microsoft ilikiri kwamba sasisho lake la usalama lilifanya baadhi ya vifaa vya sauti vya USB vikatae kufanya kazi. Sisemi msisasishe. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyosasishwa inayoingia intaneti ni hatari. Nasema yasitisheni kwa wiki moja mkiwa na kazi, mmalize, mnakili mafaili, ndipo msasishe.

Ndugu zangu wa Waruku, shida yenu naona ni ya USB. Mmeniambia taa ya saundikadi inazima na kuwaka, kisha programu inaganda. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900, na hapo ndipo mwisho. Mmechomeka kigawanyo cha bei nafuu kisicho na umeme wake, na juu yake mkaweka kipanya, flashi, kinanda cha MIDI na saundikadi inayolisha maiki ya kondensa kwa volti 48. Vyote vinagombea umeme wa tundu moja. Mwimbaji anaanza tu kupaza sauti, saundikadi inakatika kwa muda mfupi mno, na programu iliyokuwa ikiisubiri inabaki imeduwaa. Saundikadi ichomekwe kwenye laptopu moja kwa moja, kwa waya mfupi ulio imara, kwenye tundu lisilolegea. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya nishati ya Windows, mzime "USB selective suspend", kwa sababu hiyo huruhusu laptopu kulaza matundu ya USB ili kuokoa chaji. Na msichomoe kifaa hata siku moja programu ikiwa wazi. Jaribuni hayo kabla ya kumrudia aliyewauzia.

Programu ikijifunga peke yake na Windows ikabaki hai, mara nyingi kosa liko kwenye plagini, zile programu ndogo za ala na madoido. Fungua mradi mtupu, uziongeze moja moja, mpaka ile mbaya ijitokeze. Ukishaijua na bado unaihitaji, FL Studio ina chaguo la "Make bridged" kwenye dirisha la plagini, na Reaper, programu nyingine ya kurekodi, nayo inaweza kuiendesha plagini peke yake kando. Ikifa, inakufa yenyewe na wimbo unabaki.

Sasa tuambiane ukweli. Plagini nyingi zinazowaangusha ni zile za kuvunjwa, mlizopewa kwenye flashi. Ili ziingie mliambiwa mzime kinga ya virusi, mkazima. Aliyezivunja hana haja na wimbo wako, na ndani yake huwezi kujua ameweka nini. Tena wewe ndiye unayetaka redio na matatu zilipie nyimbo zako. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inayokulinda wewe inamlinda na yule aliyeandika programu. Na njia halali zipo hata kwa asiye na pesa. Reaper hukupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, na leseni yake ya bei ya chini ni dola 60. LMMS, programu ya kutungia muziki, ni ya bure. Vital, plagini ya sinthesaiza, ina toleo la bure, na baadhi ya sauti za LABS za Spitfire ni za bure. FL Studio ya majaribio itakuruhusu kuhifadhi mradi lakini haitakufungulia tena mpaka uilipie, kwa hiyo ukiitumia, toa wimbo kama faili la sauti kabla ya kufunga. Ukishailipia, masasisho yake hayalipiwi tena.

Tukirudi kwenye swali la kununua nyingine: RAM ya GB 4 haitoshi kwa Windows ya leo pamoja na kwaya ya sauti nyingi. Kuiongeza hadi 8 na kuweka SSD badala ya diski ya kuzunguka kutaipa laptopu kuukuu maisha mapya, kwa gharama ndogo sana kuliko ya mashine nyingine. Msione haya kwa mashine zenu. Muziki wa genge ulikua miaka ya 2000 katika studio za mitaani, Calif Records ya mtaa wa California ikiwemo, na hakuna aliyesubiri mpaka apate jengo la kifahari.

Limebaki la sauti inayokwaruza tu, nalo ni jambo dogo. Mara nyingi ni bafa, akiba ya sauti ambayo kompyuta huitayarisha mapema. Kwenye kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 huipa kompyuta takriban milisekunde 6 za kutayarisha sauti, na ya 1024 huipa takriban 23. Ukirekodi, tumia ndogo ili mwimbaji asijisikie amechelewa, ukimiksi, iongeze. Zima Wi-Fi na Bluetooth wakati wa kurekodi. Ikiendelea, programu ya bure ya LatencyMon itakuonyesha draiva inayochelewesha.

Katika yote haya, badilisha kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha waya, draiva na bafa kwa mkupuo, hata ikipona hutajua kilichoiponya, na ikirudi kuugua utaanza upya. Weka daftari kando ya kompyuta. Andika tarehe, ulichokuwa unafanya, ilivyokufa, ulichobadilisha. Fundi mzuri atalifurahia daftari hilo. Asiyetaka hata kulitazama, mtafute mwingine.

Kwa kazi isiyorudiwa, usiitegemee laptopu peke yake. Nawaza hasa kuhusu nyinyi mnaorekodi isukuti katika sherehe za Waluhya wenzetu hapa mtaani. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mzee akishapiga ngoma yake kwa moyo wake wote, huwezi kumwambia laptopu imezima, arudie. Wekeni simu pembeni irekodi tangu mwanzo hadi mwisho, ikiwa na chaji na nafasi ya kutosha. Sauti yake haitakuwa nzuri sana, lakini itakuwepo.

Na kabla mashine haijaenda kwa fundi, nakili kila kitu. Wapo mafundi ambao jibu lao kwa kila ugonjwa ni kufuta diski na kuweka Windows upya, na mtu anarudishiwa mashine safi isiyo na hata wimbo mmoja. FL Studio huweka nakala zake kwenye folda ya Backup, na kwenye menyu ya faili kuna "Revert to last backup". Jueni ilipo kabla hamjaihitaji. Washa uhifadhi wa kila dakika chache. Mkimaliza kazi jioni, tumieni "Zipped loop package" ili mradi na sauti zake vikae pamoja, mweke kwenye diski ya nje isiyolala chumba kimoja na laptopu, na bando zikiruhusu, mpandishe nakala nyingine kwenye Google Drive.

Anayetaka nimsaidie zaidi aniandikie, lakini asiniambie tu kwamba inazima. Nataka aina ya laptopu na RAM yake, toleo la Windows, jina la saundikadi, ilipochomekwa, hali ya betri, na picha ya skrini ilipokufa. Nanyi mabinti mnaonitumia ujumbe kwa siri kwa sababu wavulana wa studio wamewaambia mitambo si kazi yenu, andikeni pia. Maswali yenu nitayajibu kwanza.